Jina la ujombani lamrudisha nyumbani askari wa Myanga

Saa moja asubuhi, mtaani Kibomet, Kitale, vumbi jeupe limeshamkaa Hesbon Wepukhulu kwenye nyusi. Tindo mkononi, anachonga jina la marehemu wa watu kwenye jiwe la kaburi.

Kwa miaka ishirini na sita fundi huyu amewaandikia wengine wafu wao. Wa kwake alimshinda. Kinyozi hajinyoi.

Babu yake alikwenda vita vya Burma, asirudi. Nyumbani Myanga, Bungoma, ukoo ulizika mgomba badala ya mwili, na kaburi likabaki bila jiwe.

"Watu walisema ati alitoroka jeshi, akaoa huko," anasema Hesbon. "Hiyo iliniuma sana, bana."

Miaka tisa alilisaka jina la babu huyo, Wepukhulu. Aliwauliza wazee wa ukoo, wanaume watupu. Sukhwinder Singh, mwenye duka anakonunua mawe, ambaye babu yake pia alipigana Burma, akampekulia orodha za waliouawa kwenye kompyuta. Wapi!

"Fundi, hakuwa na jina lingine?" Sukhwinder alimuuliza.

Hesbon akaenda kwa shangazi yake Dinah, mwenye miaka themanini na tatu, mtoto pekee aliye hai wa askari huyo. Macho yake yanafifia, lakini ulimi bado mkali.

"Si mama yake alimuita Situma, jina la kwao?" alicheka ajuza. "Wewe unauliza wanaume tu. Mimi hakuna mtu aliniuliza!"

Mtoto wa Kibukusu hupewa jina na kila upande. Kijana yule alijiandikisha kwa lile la ujombani. Na kweli, Situma wa Myanga alikuwa orodhani: kikosi chake, namba yake, siku aliyouawa. Hakutoroka popote.

"Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Singh, nikamshukuru Senge," anasema Hesbon, akimwita shangazi yake kwa Kibukusu. Machozi yanamlenga, wala hayafichi.

Sukhwinder alimpa jiwe bure. "Peleka tu," alimwambia. "Hata babu yangu angefurahi."

Desemba jiwe litakwenda Myanga na majina yote mawili. Daktari ameonya kuwa kufikia wakati huo huenda Dinah asione kabisa. Kwa hiyo Hesbon amepanga kuzichimba herufi mara mbili ya kina cha kawaida.

"Senge amesema tumpeleke tu kaburini," anasema. "Atamsoma baba yake na vidole."