Sakafu ya Blandine

Siku Blandine alipopewa ufunguo wa nyumba ya kudumu pale Dilala, mjini Kolwezi, ndugu zake walifufuka. Miaka yote aliyolala chini ya meza za soko na kwenye baraza za maduka hakuwa na ndugu hata mmoja. Sasa walijaa mlangoni wakimwita dada.

Aliyewatangulia ni Séraphin, mdogo wa marehemu mumewe, yule yule aliyemtoa nyumbani hata matanga hayajaisha. Hakumtazama Blandine. Alitazama sakafu, akaigonga kwa kisigino, akatega sikio kama daktari anayepima kifua.

"Shemeji, Mungu anakukumbuka," alisema. "Hii mutaa yote iko na kobalti chini. Unalala na njaa juu ya feza."

Kolwezi ndivyo ilivyo: ukimwonyesha mtu nyumba, yeye huona shimo lenye paa. Hata Falonne, binti wa shirika lililotoa nyumba hizo, anayekuja kila wiki kumfundisha Blandine namna ya kuishi ndani ya nyumba, kana kwamba kufunga mlango ni taaluma, alianza kuuliza udongo wa uani una rangi gani.

Alhamisi Séraphin alileta wachimbaji wawili, mkubwa wao Stany. Walisogeza kitanda, wakachora duara la chaki katikati ya chumba.

"Mama, utafunga bitu byako," Stany alisema kwa adabu. "Mwanamuke akikaa karibu na shimo, madini inakimbia. Kila muchimbaji anajua."

"Niende wapi?"

"Kwa muda tu," Séraphin alidakia. "Kule sokoni si unazoea?"

Falonne, aliyekuwa amefika kwa zamu yake, alikohoa. Akaeleza kwamba makao ya kudumu hayamzuii mtu kusafiri kidogo.

Blandine alikuwa amelalia saruji nyingi mjini humu, na kila moja ilikuwa na mwenyewe, aliyekuja asubuhi na ndoo ya maji kumwamsha. Hii mwenyewe alikuwa yeye. Akaketi katikati ya duara, akanyoosha miguu, akaita dirishani:

"Mama Brigitte, Mamie, mukuye tuchambue sombe hapa."

Majirani hao wawili, waliopewa nyumba kama yeye, walikuja na mabeseni yao ya majani ya muhogo, wakaketi kila mmoja upande wake.

"Tata Stany," Blandine aliuliza, "na mwanamuke mumoja, madini inakimbia mupaka wapi?"

"Mbali, mama."

"Na batatu?"

Stany alikuwa ameshaokota sululu.

"Saa hii imefika Zambia," mwenzake alinong'ona, nao wakatoka bila kugeuka nyuma. Falonne akakumbuka kwamba ana mkutano.

Séraphin alibaki mlangoni. "Shemeji, utaamuka hapo saa ngapi?"

"Toa biatu kwanza," Blandine alimwambia. "Hii ni nyumba ya mutu."

Séraphin alitazama viatu vyake, kisha wale wanawake watatu, kisha duara lililokuwa likifutika chini ya makalio ya Blandine. Akainama, akaanza kufungua kamba.