Shee na Kijembe cha Jomvu Kuu

Shee Khatibu ndiye mwanamume pekee wa Jomvu Kuu aliyeruhusiwa kuingia ukumbini wanawake wakiimba na kucheza harusini. Surua ilimpofusha angali mtoto, na akina mama waliona kwamba asiyeona hana la kusimulia nje. Alikaa pembeni na mashine yake, akanasa nyimbo, kisha akawauzia kanda. Sharti lilikuwa moja: mwanamume mwingine asizisikie kabla wenyewe hawajaridhia. Siku likivunjwa, mlango ungefungwa, na Shee arudi kusuka makuti.

Mwaka wa tisini na nane, kakake aliyekuwa Dubai alimletea kompyuta kuukuu, yenye programu ya kumsomea kwa sauti maandishi ya skrini. Ilibaki kupata programu ya kukata na kuunga nyimbo. Shee akaenda Changamwe kwa Kioko, muuza kompyuta.

"Mzee, chukua hii," Kioko akamwambia. "Mawimbi ya kijani, vifungo vya buluu! Utaipenda ukiiona."

"Nikiiona nitakujulisha."

Kioko akakohoa. "Iko na hii nyingine, ya kubonyeza vitufe tu. Lakini sura yake hata mimi naionea haya."

Akampa zote mbili akazijaribu, arudishe asiyoitaka.

Kazi ya kujaribia ilikuwa inamngoja nyumbani. Bi Mwanarehema, shangazi wa bibi harusi, alikuwa barazani akihema.

"Mwanangu Shee, jana nilipandwa na mori. Nilimwimbia mama wa bwana harusi, naye hayupo, *Kabati lina vioo, sahani za majirani!* Kanda ikifika kwao hivyo, mtoto wetu atarudishwa na sanduku lake. Kikate kijembe hicho, na akikikata mwingine asiyekuwa wewe, ukumbini kwetu huingii tena."

Shee akaifungua ile programu ya rangi. Kompyuta ikamwambia, "Picha." Akabonyeza kwingine. "Picha." Akabonyeza kote. Picha, picha, picha! Walioitengeneza walidhani Mungu aliumba macho peke yake, masikio na vidole akavitia kuwa mapambo. Ikawa hana budi kumwita mkewe, Mwanasaumu, aliyekuwa mwanamke, basi hakuvunja sharti sana.

"Waona nini, Mama Tima?"

"Milima."

"Milima gani?"

"Mirefu na mifupi. Na hapa pana kama mkeka ulioliwa na mbuzi."

"Sogeza kipanya mpaka penye kijembe, ukate."

Mwanasaumu akakata. Wakasikiliza. Vigelegele vyote vilikuwa vimetoweka, na kijembe kimebaki peke yake, chasikika kuliko mwanzo.

"Umekosea."

"Sikukosea, Baba Tima. Kijembe kizuri hicho! Na sahani mbili katika hizo ni zangu, tangu Idi sijazitia machoni. Neno la kweli halikatwi."

Hapo Shee akatambua kwamba macho ya kuazima huja na ulimi wake. Akaifunga programu ya rangi, akaifungua ile iliyomwaibisha Kioko. Hiyo ilisema kila kitu. Kitufe hiki chasogeza mbele, hiki chaweka alama, hiki chakata. Akasikiliza mpaka akaipata pumzi aliyoivuta Bi Mwanarehema kabla ya kuimba, akaweka alama, akafuata mapigo ya ngoma, akaweka nyingine, akakata. Ngoma ikaungana. Mwanasaumu alirudia mara tatu akitafuta mshono, asiuone, akanuna, akaenda zake jikoni.

Bi Mwanarehema alipokuja, alisikiliza kanda mpaka mwisho.

"Nani amekushika mkono?"

"Hakuna, Bi."

"Alhamdulillahi. Mtoto wetu amepona. Na mwezi ujao tuna harusi nyingine, usichelewe."

Akatia kanda mkobani, akatoka. Alipofika mlangoni akarudi, akainama karibu na sikio la Shee.

"Na kile ulichokikata, mwanangu, umekitupa?"

"Bado kimo humu, Bi."

"Basi nitilie katika kanda yangu mwenyewe. Wallahi siku ile niliimba!"

Sauti ya Mwanasaumu ikatoka jikoni: "Toa kanda mbili!"