Mti wa Mama Nyuma ya Bafu

Mwalimu wa binti yangu ndiye aliyeanzisha maneno. Aliwaambia watoto kila mmoja alete jani la mti wa kwao na aseme unaitwaje. Sasa sisi tunakaa gorofani huku mtaa wa Soweto East, mti tutautoa wapi? Nikamwambia mtoto asijali, mama yake ana mti Kawangware, uliopandwa na nyanya yake. Nilisema hivyo kwa maringo, rafiki yangu. Jumamosi nikaenda kuchuma jani.

Nililelewa huko Kawangware, sehemu inayoitwa Congo, kwenye ploti ya mabati upande wa Riruta, na dani. Ndivyo nilivyomwita mama wa mama yangu, mtu wa kutoka ziwani. Alikaanga omena, dagaa wa kwao, mpaka ploti nzima ikanuka, kisha akaenda kuziuza kando ya barabara. Nyuma ya bafu, penye tope lisilokauka, ndipo mti wetu uliposimama. Gome lake lilikuwa nene, lenye miiba. Kiangazi kikishika ulipukutisha majani yote ukabaki maua matupu, mekundu kama makaa yanayopulizwa. Mbegu zake pia zilikuwa nyekundu, zenye doa jeusi, nasi tulizitunga tukafanya bangili.

Jina lake lilikuwa ugomvi. Fundi wa viatu alisema ni jakaranda iliyokosea rangi. Jirani wa maandazi alisema hapana, ni mti ulioletwa na wazungu. Wakibishana hivyo, dani alichambua omena zake bila kutia neno. Mimi nikimuuliza, jibu lilikuwa moja tu: "Huo ni mti wa mama yako. Aliupanda siku aliyoenda kutafuta kazi. Alisema ukichanua tumngoje."

Basi nikawa nangoja. Maua ya kwanza yakitokea nilioga bila kufukuzwa, nikavaa gauni la kanisani na kukaa langoni. Wenzangu wanaruka kamba ya bladaa, mimi niko pale, nimejipaka mafuta miguu inang'aa. Jioni dani ananiita nile ugali, ananiambia labda mwaka ujao. Mtoto akiutupia mti mawe nilipigana naye, awe msichana au mvulana. Hata nilipokua na kuelewa kwamba mama harudi, nilijiambia angalau aliniachia kitu chenye uhai. Sikuwa na kingine chake, hata picha.

Sasa pale kuna magorofa pande zote, ila ploti yetu bado ipo, na mti wake. Shosho mwenye ploti, yule bibi kizee aliyetugombeza kwa kumwaga maji, nilimkuta juani akiambua maharagwe. Alinikumbuka. Nikamuuliza jina la mti.

"Huu? Si ni muhuti," alisema. "Mzee wangu aliuweka tukigawana shamba na ndugu yake. Sisi mpaka wa shamba tulikuwa tunaonyesha na muhuti. Unakata kijiti, unadunga kwa mchanga, kinashika. Hata nyumba za wapangaji hazikuwa zimejengwa."

Nikamwambia mti huo ulipandwa na mama yangu.

"Nani alikwambia hivyo?"

"Dani."

"Ai. Dani yako aliujua huu vizuri sana. Kwao wanauita orembe. Mtoto akishikwa na matubwitubwi, si ni yeye alikuwa ananiomba maganda achemshe?"

Nilichoka hapo hapo. Miaka yote ile watu wakibishana, mwenye jibu alikuwa ameinamia ungo wake, kimya, kwa sababu angetaja jina kuna mtu angesema ni mti wa mpaka, na hadithi yake ingeishia hapo. Utaniambia alinihurumia. Najua, nimejiambia hivyo pia. Lakini ni huruma gani inayomtazama mtoto akijikwatua kila kiangazi, imwache akae langoni mpaka giza? Nina hasira na dani, na dani amelala kaburini kule ziwani, siwezi kwenda kugombana na udongo.

Nikamuuliza shosho kama angalau mama alikuwa akiupenda ule mti.

Akapangusa mikono kwa leso. "Mama yako mimi sikuwahi kumwona. Dani yako aliingia hapa peke yake, amekubeba mgongoni."

Kwa hiyo hata yule mwanamke niliyemjua mimi, aliyeinama nyuma ya bafu akifukia mche huku ananiwaza, hakuwahi kuwepo. Fundi wa viatu alishaondoka, jirani wa maandazi sijui yuko wapi, na siku hizi mbegu zile zinafagiliwa tu pamoja na takataka. Hayo yote nilijua siku moja yatakwisha. Lakini yule mwanamke ndiye mama pekee niliyekuwa naye. Nilipewa na dani, na dani alijua hayupo.