Aliyenipitisha Kizuizini

Asubuhi ile nilikuwa uani napepeta dagaa, nikitoa mchanga kabla ya kwenda sokoni. Tuliishi Muyinga, kaskazini mwa Burundi. Mimi ni Msukuma wa Magu. Nilifika kule kwa biashara ya dagaa wa Mwanza nikaolewa na Deo, Mrundi, fundi cherehani. Binti yetu Neema alikuwa na miaka minne. Deo alikuwa barazani anashona sketi za shule, redio iko kando yake. Mara mtangazaji akanyamaza, ukabaki muziki tu, wimbo baada ya wimbo. Deo akaacha kukanyaga cherehani.

"Funga hao dagaa," aliniambia. "Leo usiende sokoni."

Ilikuwa Oktoba 1993; wanajeshi walikuwa wamemwua rais wa Burundi, na makabila yakaanza kuuana. Siku iliyofuata tuliona moshi upande wa kilimani. Siku ya nne tukaondoka kwa miguu kuelekea mpaka wa Tanzania, tukipita mashamba ya migomba na kuikwepa barabara. Tulipofika mto wa mpakani, hapakuwa na njia nyingine ya kuvuka ila daraja. Tukarudi barabarani.

Palikuwa na kizuizi, magogo yamelazwa njiani. Wanaume kumi hivi, wana mapanga.

Mkubwa wao sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika nchani. Alizungumza Kiswahili kizuri, kama mtu aliyezoea kusafiri na malori. Nilimpa cheti changu cha ubatizo cha Magu.

"Mtanzania. Na mtoto?"

"Wangu."

"Pita."

"Huyu ni mume wangu."

"Nimesema upite wewe."

Kabila la Deo sitaliandika. Pale lilitosha kumwua mtu.

Deo alimweka Neema mgongoni kwangu, akaifunga kanga mafundo mawili.

Nikatembea. Sikugeuka. Niliamini nikigeuka watatuita.

Hatukuitwa.

Kutoka Ngara, upande wa Tanzania, tulipata lori, tukavuka kwa kivuko cha Busisi, tukafika kwa dada yangu Kabula, Buhongwa. Alitupokea bila maswali. Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa kila upande wa Mwanza, na Kabula akanitafutia kibarua. Sikumaliza wiki. Kila mtu aliponyanyua kisu kirefu, niliacha kazi nikarudi nyuma hadi ukutani. Siku moja trei ya bati ilianguka sakafuni. Nilijikuta chini ya meza, wasichana wa zamu wananitazama. Msimamizi akaniambia kwa upole nikapumzike.

Sikutaka kurudi nyumbani mapema. Nilizunguka mjini, na jua lilipokuwa kali nikaingia maktaba ya mkoa, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na kelele.

Mkutubi aliitwa Mama Bahati, mtu mzima kutoka Ukerewe. Nikamwamkia. "Marahaba. Unatafuta kitabu gani?" Nilitazama rafu tu. Akanitazama kidogo, kisha akanipa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Sijawahi kufuga nyuki. Lakini niligundua kwamba nikiweka kidole chini ya mstari na kusoma neno moja moja, moyo ulipunguza mbio. Ukurasa wa mzinga, ukurasa wa nta. Wakati wa kusoma, mtoni nilikuwa sipo.

Nikawa naenda kila alasiri. Nilisoma kilimo cha mpunga, jiografia, hadithi za watoto. Kabula akakubali kunidhamini nikapata kadi ya kuazima. Usingizi ukaanza kurudi. Nikaweza kumsomea Neema, ambaye tangu kizuizini alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

Mwaka wa pili, siku ya Jumanne, nilikuwa nimekaa na kitabu nikasikia mtu akiuliza mezani kwa Mama Bahati, "Gazeti la leo lipo?"

Niliijua sauti kabla sijainua macho.

Alikuwa amekonda. Shati safi, limepigwa pasi. Sikio lilikuwa lile lile.

Aliketi meza mbili mbele yangu. Mlango ulikuwa nyuma yake.

Kidole changu kilikwama kwenye mstari. Niliusoma tena na tena, hadi leo sijui ulisema nini. Niliwaza kupiga kelele. Niliwaza kukimbia. Kisha nikawaza: akiondoka huyu, hakuna mwingine wa kuuliza.

Nikasimama, nikaenda.

"Pale mtoni," nilisema chini chini. "Fundi cherehani, shati jeupe. Nilikuwa na mtoto mgongoni."

Akainua macho kutoka kwenye gazeti.

"Mimi ndiye niliyekupitisha."

"Najua. Na yeye?"

"Siku ile walikuwa wengi, mama."

"Mimi namuulizia mmoja."

Akalikunja gazeti polepole, akilinganisha pembe zake.

"Usimngoje," alisema. Akainuka, akatoka.

Mama Bahati alinikuta nimeshikilia meza. Nilimweleza yote kwa mara ya kwanza, naye akafunga dawati lake akanipeleka polisi. Waliandika maelezo. Mtu hakupatikana, na maktaba hakukanyaga tena.

Kwa wiki tatu na mimi sikwenda. Lililoniuma ni wazo moja: huenda naye aliingia mle kutafuta kile kile nilichokitafuta mimi, kichwa kitulie. Nilikasirika kana kwamba amenipokonya mara ya pili. Lakini nyumbani usingizi ulikuwa umekatika tena, na Neema alikuwa analeta vitabu vilevile nimsomee. Nikarudi. Mama Bahati akanivutia kiti.

Tulimwombea Deo misa bila mwili. Kaburi hatuna. Neema alipoolewa, fomu za parokia ziliuliza kama baba yu hai. Nikaandika marehemu, lakini baada ya kulifuta mara mbili, kwa sababu ushahidi wangu wote ni neno la mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni yule.

Neema ameniuliza kama ninamchukia mtu yule. Nilimjibu kweli. "Namchukia. Lakini kila nikihesabu alichoninyang'anya nakuta na wewe, aliyekupitisha, upo mbele yangu, umekaa, unazungumza kwa sauti. Sijapata namna ya kuyajumlisha hayo mawili."