Bi Oleta alivyoinadi hewa ya Mossy Fork ikakosa mnunuzi

Ni Jumatatu, saa nne asubuhi, na mtamba mwekundu anaingizwa uwanjani akiburuta kwato. Bi Oleta Grubbs anakaa juu ya kiti chake cha mbao, anavuta kipaza sauti karibu na midomo, na maneno yanaanza kumwagika kama mahindi kutoka guniani.

"Mia tisa, mia tisa, nani elfu, nipe elfu, elfu ninayo kule nyuma, nani na mia, na mia, na mia, baba usiangalie viatu vyako niangalie mimi, na mia ninayo!"

Wanunuzi wanacheka. Mzee mwenye kofia yenye nembo ya mafuta ya trekta anainua kidole kimoja tu, na mtamba anapata mwenyewe.

Bi Oleta ana miaka sitini na mmoja. Ni dalali wa mifugo katika mnada wa Mossy Fork, Kaunti ya Halstead, kusini mwa jimbo la Virginia, Marekani, na hapa hakuna mwanamke mwingine anayefanya kazi hiyo. Marehemu baba yake alikuwa dalali, na alimwambia wazi kwamba uwanja wa mnada si mahali pa binti.

"Basi nikawa ninanadi nguzo za uzio," anasema. "Baba akinituma na trekta shambani, ninaiuza kila nguzo ninayoipita. Siku moja alisimama nyuma yangu akasikiliza. Akasema, 'Hiyo uliyouza sasa hivi umeiuza rahisi mno.' Wiki iliyofuata akanipandisha kwenye kiti."

Lakini siku hizi watu wakikutana naye dukani hawamwulizi habari za ng'ombe. Wanamwuliza habari za siku aliyoinadi hewa.

Mambo yalianza kwa utepe wa rangi ya chungwa. Mwaka jana, akienda kazini, aliuona umefungwa kwenye uzio wa jirani yake Roscoe Tatum, mfugaji wa miaka sabini na minne. Kesho yake zikawa tepe nyingi, na wanaume wawili wanapimapima malisho.

Alisimamisha gari. "Roscoe, unajenga nini?"

"Siwezi kusema, Oleta."

"Huwezi kuniambia mimi?"

"Nimetia saini kwamba sitasema. Usinichimbe."

Miezi miwili baadaye ikatangazwa. Kampuni ilitaka kusimamisha kwenye malisho ya Roscoe mitambo saba ya kufua umeme kwa gesi, mabomba ya moshi juu kuliko mnara wa kanisa, ikiunguruma usiku na mchana. Umeme wote ungekwenda kwenye kituo cha data, majengo yasiyo na madirisha yaliyojaa kompyuta, upande wa pili wa mto.

"Nilimwuliza yule kijana wao wa matangazo kama tutapata hata kidogo," Bi Oleta anakumbuka. "Akasema umeme huo una mteja wake tayari. Yaani hautawasha hata taa ya banda langu la kuku! Moshi wetu, umeme wao."

Kwake halikuwa jambo la kusikia tu. Mumewe, Wendell, alifanya kazi katika kiwanda cha nguo cha hapa hadi kilipofungwa, na vumbi la pamba lilimwachia kifua kisichopumua bila mtungi wa oksijeni. Nyumba yao iko upande ambao upepo kutoka malisho ya Roscoe huelekea.

"Kiwanda nacho tulikishangilia kilipokuja," anasema Wendell, akipumzika kati ya maneno. "Tulipiga hata tarumbeta."

Wakazi walianza kukutana katika ukumbi wa kanisa la Wabaptisti, mwanzo wachache, halafu viti vikaisha. Bi Oleta akajipa kazi moja: kila Jumatatu, ng'ombe mmoja akitoka na mwingine hajaingia, alitangaza siku ya kikao cha baraza la kaunti.

Mwenye mnada alimwita pembeni. "Bi Oleta, uza ng'ombe. Siasa zina soko lake."

"Hawa ng'ombe watavuta hewa gani, bosi?"

Wafugaji watatu wakubwa, waliotumaini kuuza ardhi kwa kampuni, wakahamishia mifugo yao mnada mwingine. Mapato ya Bi Oleta yakashuka kwa theluthi moja. Roscoe hakuhama, ila aliacha kumsalimia. Miaka thelathini ya kupungiana mikono barabarani ikakatika.

Siku ya kikao, ilibidi baraza lihamie ukumbi wa michezo wa sekondari, maana watu walifurika hadi kwenye nyasi. Ilikuwa saa saba mchana, joto la Juni, na akina mama wa kanisa wanagawa chai ya barafu mlangoni. Kampuni ilileta mawakili, picha kubwa ukutani, na ahadi za kodi na ajira. Kila mwananchi alipewa dakika tatu.

Bi Oleta alikuwa ameandika hotuba. Zamu yake ilipofika, akashika kipaza sauti.

"Maneno yote yalinikimbia," anasema, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Mimi! Mwanamke ambaye mume wake humwomba anyamaze wakati wa sala! Nikawatazama madiwani watano pale juu wamekaa kama wanunuzi. Nikajiambia, Oleta, fanya unachokijua."

Akaikunja karatasi, akavuta pumzi.

"Haya mabibi na mabwana, mali ya kwanza uwanjani! Usingizi wa watu wa Mossy Fork, wa asili, haujawahi kuguswa, nani ananianzishia, nani ananianzishia? Wewe bwana mwenye tai ya buluu, unatoa ngapi, usione haya, ngapi, ngapi, ngapi?"

Bwana wa tai ya buluu, mwakilishi wa kampuni, alitabasamu, kisha akainamia viatu vyake. Kutoka nyuma sauti ya mwanamke ikapaa: "Hauuzwi!"

"Nasikia hauuzwi! Mali ya pili! Hewa ya asubuhi ya Halstead, ina harufu ya majani yaliyokatwa, nani ananipa dau, nani, nani, nani?"

"Haiuzwi!" Sasa ilikuwa nusu ya ukumbi.

"Mali ya tatu, mapafu ya Wendell Grubbs! Yametumika kiwandani, yamebaki kidogo, lakini ndiyo pekee niliyonayo nyumbani. Nani ananipa?"

Halafu Wendell mwenyewe, kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akapaza sauti: "Anzia dola mbili!"

Watu waliangua kicheko na machozi kwa pamoja, kisha wakasimama wote, wakinguruma hadi vioo vikatetemeka: "Hayauzwi!"

Mwenyekiti akainua nyundo yake ya mbao kutuliza kelele.

"Mwenyekiti, nakuomba usigonge!" Bi Oleta akapiga kelele. "Kwetu nyundo ikigongwa, mali imekwenda!"

Mwenyekiti akabaki na nyundo hewani. Polepole akailaza mezani.

Aliyeitwa baada yake alikuwa Roscoe Tatum. Aliposema tu kwamba anaunga mkono mradi, ukumbi ukamzomea. "Msaliti!" mtu akafoka. "Umetuuza!"

Bi Oleta akasimama juu ya benchi. "Nyamazeni! Huyu ni jirani yangu. Kama mimi nimesikilizwa, naye atasikilizwa."

Wakanyamaza. Roscoe akavua kofia.

"Watoto wangu wameondoka, na nyonga yangu haipandi trekta tena," alisema. "Nyote mnapenda kuyatazama malisho yangu mkipita na magari yenu. Ni mazuri, eh? Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akaniuliza, 'Roscoe, nani atakukatia majani mwaka huu?' Kampuni ndiyo iliyosimama. Basi."

Akarudi kukaa. Bi Oleta anakiri kwamba maneno hayo yalimchoma kuliko kitu chochote kilichosemwa na mawakili.

Kisha kura. Diwani wa kwanza, ndiyo. Wa pili, hapana. Wa tatu, ndiyo. Wa nne, hapana. Ikabaki kwa Delmar Pruitt, muuza matrekta, ambaye kila mtu alijua yuko upande wa mradi.

Pruitt akamgeukia bwana wa tai ya buluu. "Ile ahadi ya ajira. Watu wa hapa wataajiriwa?"

"Itategemea, mheshimiwa."

"Na kelele? Zitasikika majumbani?"

"Itategemea upepo."

Pruitt akajikuna kidevu. "Mimi mteja akiniuliza kama breki zinashika, simwambii itategemea. Nilikuja hapa nikiwa na ndiyo mfukoni. Kura yangu ni hapana."

Ukumbi ukalipuka. Kofia zikarushwa, mchungaji akambeba mwalimu wa hesabu, jagi la chai likapinduka na hakuna aliyejali. Wendell alikuwa akipunga mikono yote miwili. Bi Oleta anasema hakumbuki alivyoshuka kutoka kwenye benchi. Anakumbuka tu kwamba sauti ilimkauka, kwa mara ya kwanza maishani.

Alipopata upenyo, alitoka nje kumtafuta Roscoe. Alimkuta ndani ya gari lake, injini imezimwa.

"Umekuja kucheka?" Roscoe akamwuliza.

"Nimekuja kuuliza nani atakukatia majani mwaka huu," akajibu kwa sauti iliyokwaruza.

Jumamosi hiyo watu kumi na wawili walifika kwa Roscoe na matrekta manne. Miongoni mwao alikuwa yule aliyemwita msaliti, na alipangiwa sehemu yenye miiba. Hakulalamika.

Bi Oleta hajidanganyi. Sheria inairuhusu kampuni kuomba tena baada ya mwaka mmoja, na tayari tepe za chungwa zimeonekana kaunti ya jirani. Wiki iliyopita wakazi wa huko walimwalika kanisani kwao, na alienda.

Anajua pia kwamba Roscoe bado anahitaji kuuza. Kwa hiyo majira ya kuchipua atapanda kiti chake na kuyanadi malisho ya jirani yake, hadharani, mchana kweupe, bila kuchukua ujira. Vijana watano wanaotaka kufuga wameanza kuchanga pamoja ili waweze kupandisha dau. Roscoe ataendelea kuishi katika nyumba yake hadi mwisho wa siku zake. Hilo ndilo sharti la kwanza la mnada.

"Huwezi kumzuia mtu asiuze kwa mtu mbaya, kisha ukaenda kulala," anasema. "Lazima umtafutie mnunuzi mwema. Na hiyo ndiyo kazi yangu."

Roscoe, aliyekuja mnadani leo na mkongojo wake, anamsikia na kudakia. "Usinianzie chini, Oleta."

"Nitakuanzia juu mpaka uone aibu."

"Sioni aibu mimi."

"Basi siku hiyo vaa shati safi," anasema Bi Oleta, akikisogelea tena kipaza sauti, kwa sababu mlango wa uwanja umefunguliwa na fahali mweusi anaingia. "Nataka watu waone kwamba haya malisho tunayoyapigania yana mwenyewe."