Fundi Spika na Sentensi ya Parokia

Alizaliwa Jumatano ya Majivu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha kutengeneza redio. Kwa kuwa hakulia, mkunga alimbatiza papo hapo kwa maji ya birika. Alilia baadaye, tena kwa nguvu, na waliomfahamu walisema hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kupiga kelele. Jina lake la ubatizo limehifadhiwa kanisani, lakini mtaa mzima ulimwita Fundi Spika, na sisi, bila kutangulia hukumu ya Kanisa juu ya utakatifu wake, tunamwita hivyo hivyo. Alipokuwa kijana, baba yake alifia wodini, wakati ndugu wamezuiwa getini kwa sababu ya maradhi ya kuambukiza. Mama yake alikuwa mfuaji wa nguo katika hospitali hiyo hiyo. Alilikuta shati la mumewe kwenye lundo la kufuliwa kabla hajapewa habari. Tangu siku hiyo kijana yule hakuogopa kifo. Aliogopa kifo cha mtu aliye peke yake.

Alirithi koleo na bisibisi za baba yake. Hakuoa. Mwenyewe alitania kwamba hakuna mwanamke atakayepata usingizi katika nyumba ambayo redio zinakoroma kila kona. Akalitumikia kanisa kwa kufunga vipaza sauti.

Alipofikia utu uzima, parokia ilipata paroko mpya, na halmashauri ya walei ikakaa semina mwaka mzima kutafuta dira na dhamira. Fundi alikuwa mjumbe, akanyoosha mkono pamoja na wenzake. Ikatoka sentensi moja: “Katika parokia yetu, hakuna atakayeachwa peke yake.” Ikapigiwa makofi, ikachapwa kwenye fulana, tena mgongoni, kwa hiyo kila muumini akawa anaisoma kwa jirani yake na kuona inamhusu jirani huyo. Fundi naye akafunga spika mitaani ili isikike kila Jumapili baada ya Misa. Moja aliifunga kwenye ukuta wa bibi mmoja muuza mkaa, akajivunia jinsi ilivyovuma.

Mwaka huo huo maradhi ya kifua yakaingia mtaani. Bibi Mkaa aliugua na hakuna aliyejua. Jumapili ikafika, sentensi ikasomwa ukutani kwake, watu wakaenda zao. Majirani walivunja mlango baada ya kusikia harufu. Walipokwisha kumtoa, Fundi alipanda ngazi, akaanza kuing'oa spika.

“We fundi, umechanganyikiwa?” alifoka mwenyekiti wa halmashauri, mwalimu mstaafu. “Hiyo ni mali ya parokia!”

“Basi ipokee, mzee wangu. Nzito hii.”

“Sipokei! Watu wataisikiaje dira yetu?”

“Bibi aliisikia,” Fundi akamjibu. “Ilimwambia hataachwa peke yake. Sasa yeye kutujibu, angejibia wapi?”

Mwenyekiti aliipokea spika, akaketi nayo mapajani kwenye kizingiti cha marehemu, akalia.

Kwa baraka za paroko, Fundi akaanza kupita jumuiya ndogo ndogo za waumini, moja baada ya nyingine. Hakusoma kitu, aliuliza tu: “Hapa kwenu nani yuko peke yake, na nani atakwenda?” Jumuiya moja ilimhakikishia kwamba wote ni wazima.

“Na huyo anayekohoa nyuma ya ukuta?”

“Aa, huyo si wetu. Haji jumuiya.”

“Atakujaje na hali hiyo, mama zangu? Mnataka aje kukohoa hapa ndiyo mmhesabu?”

Walicheka, kisha wakaona haya, wakapanga zamu. Hivyo sentensi ile ikapata miguu. Wengine waliifanya ndoo ya maji, wengine mashuka safi, wengine kukaa tu kando ya kitanda.

Lakini jaribu lake kubwa lilitoka ndani ya kazi hiyo hiyo. Mke wa dereva mmoja wa lori alijitolea, na Fundi, katika haraka yake, akampa zamu bila kumuuliza kama kifua chake ni kizima. Hakikuwa kizima. Mama yule aliambukizwa, akafa. Makaburini, mbele ya umati, Dereva alimshika Fundi kola.

“Umemuua mke wangu kwa sentensi yako!”

“Sikumuuliza afya yake,” Fundi alisema. “Ni kweli, ndugu yangu. Sikumuuliza.”

Zamu zikavunjika, watu wakajifungia majumbani. Akabaki yeye na paroko kuhudumia wagonjwa. Kila asubuhi alipita kwa Dereva na kubisha hodi, na kila asubuhi mlango ulibaki umefungwa.

Hatimaye akaugua yeye, wakati paroko naye kalazwa hospitali. Majirani walimwekea chakula mlangoni na kukimbia. Alilala kati ya redio zake, akijua kwamba kifo alichokiogopa tangu ujana sasa kilikuwa kinamjia yeye, na kwamba sentensi ya parokia ingezikwa pamoja naye. Ijumaa alasiri mlango ukafunguliwa. Dereva aliingia, kitambaa mdomoni.

“Sijaja kukusamehe. Tuelewane.”

“Tumeelewana.”

“Zamu ya mke wangu haikuisha. Naimalizia.”

“Kifua chako kizima?”

“Kizima.”

“Basi fungua dirisha, ukae.”

Alikata roho kabla ya jua kuzama, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Dereva.

Wapo wanaoona ajabu kwamba Dereva hakuambukizwa, na mama mmoja anashuhudia kwamba homa ya mwanawe iliondoka aliposali kaburini. Kanisa litayapima hayo kwa wakati wake. Tunachokijua ni kwamba mazishi yalipokwisha jumuiya zilipanga zamu upya, Dereva akiwa wa kwanza. Wanaokusanya ushuhuda wakimuuliza kama amemsamehe Fundi, hujibu, “Bado,” kisha huaga, maana kuna mgonjwa anamngoja. Basi anayetaka kumfuata mtumishi huyu wa Mungu asingoje moyo wake utulie. Aende na hasira zake, aende na hofu yake, abishe hodi.