Nilifuta kompyuta ya kliniki kwa kutojua kwamba Focal ndiyo 20.04

Wakuu, asalaam aleikum. Hii sikusimuliwa, nimeifanya kwa mikono yangu, na aibu bado ninayo.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Garissa town. Juzi abaayo Halima, yaani dada Halima, nurse wa kliniki ndogo upande wa Kotile, aliniita nimwekee toleo jipya la programu ya chanjo za watoto. Maelekezo yalikuwa mstari mmoja: "Inafanya kazi kwenye Focal pekee."

Nikawasha kompyuta. Mfumo wake ni Ubuntu, toleo la 20.04.

Sasa Focal iko wapi? Network hakuna, siwezi kuuliza. Lakini flash yangu ilikuwa na Jammy, toleo jingine la Ubuntu, na Jammy ni mpya zaidi. Nikajiambia mpya haikosi kilichomo kwenye ya zamani.

Halima akauliza kama rekodi za watoto ziko salama. Nikamwambia atulie, hii ndiyo kazi yangu.

Backup sikufanya. Nikafuta yote, nikaweka Jammy.

Programu ikakataa.

Nikapanda mnara wa tangi la maji kuwinda network, nikasoma: Focal ndiyo 20.04. Jina la pili la kitu nilichofuta! Jina kamili ni Focal Fossa. Fossa ni mnyama wa Madagascar, wakuu. Jammy naye ni Jammy Jellyfish, yule mnyama laini wa baharini. Sisi wafugaji wa ngamia.

Hawa jamaa wana nini? Wengine waliita mifumo ya simu majina ya vitamutamu. Windows nayo ilitoka 8 ikaenda 10, tisa ikapotelea malishoni. Huku kwetu ngamia ana jina moja, na mtoto wa miaka sita analijua.

Nikashuka, nikamwambia Halima ukweli. Hakupaza sauti.

"Kwa hivyo ilikuwa sawa, ukaiharibu sababu ya jina."

Nikakubali.

Kilichoniokoa ni register yake ya karatasi. Kila chanjo aliiandika humo kwa kalamu, na mimi nilishawahi kumcheka kwa hilo. Nilirudi na Focal, tukakaa siku tatu, yeye akisoma, mimi nikichapa, mtoto baada ya mtoto. Hakuna aliyepotea. Kina mama waliokuwa wanahama na mifugo kuelekea Sangailu waliondoka na tarehe zao mkononi.

Funzo: mashine ikiwa na majina mawili, ulizia yote kabla hujafuta. Na usimcheke mwenye kalamu.

Wewe ulishafuta nini? Andika hapo chini, nisibaki mjinga peke yangu.